Kina cha Taifa

Jina la nchi hii halitatajwa hapa kwa sababu ni siri ya serikali. Hata kwenye pasi za kusafiria limefunikwa kwa mhuri. Inatosha kujua kwamba ina bahari, ina bendera, na ina Mlezi Mkuu, ambaye alikubali kuiongoza kwa muda tu, na muda huo kwa sasa umeingia mwaka wa thelathini na moja. Ni nchi ya amani kabisa. Watu wake huongea kwa sauti ya chini, si kwa kuogopa, la hasha, ni adabu tu walizolelewa nazo.

Jeshi lake la majini lilikuwa na boti tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa inakwenda. Ndani ya hiyo inayokwenda alikuwamo Luteni Mwatumu Ngwali, binti wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye mikono mirefu, ambaye kazi yake ilikuwa kurusha bildi. Bildi ni kamba ndefu yenye kipande kizito cha madini ya risasi nchani, nayo imefungwa vitambaa kila baada ya pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Unairusha mbele ya chombo, risasi inagusa chini, unatazama kitambaa kilicho usawa wa maji, kisha unapaza sauti kusema kina ni pima ngapi. Mashine za kupimia kina zilikuwapo, lakini zilifungiwa stoo zisije zikachakaa.

Jeshini kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kila kinachosemwa hurudiwa. Mpimaji akisema pima nne, mshika usukani hujibu "Pima nne!" kabla hajagusa chochote, na baharia wa nyuma naye hurudia, ili neno lisipotelee kwenye upepo. Mkubwa naye akisema neno, walio chini yake hulirudia vilevile lilivyo. Asiyerudia neno la mkubwa huhesabiwa kuwa mwasi.

Siku ya Bendera, Mlezi Mkuu alipanda boti hiyo ili azungushwe bandarini na wananchi wamwone. Walipofika katikati aliinuka kitini, akamwendea Mwatumu hadi mbele kabisa.

"Binti," akasema, "kina chetu hapa ni kiasi gani?"

Mwatumu akarusha. Kitambaa cha pili kikazama, cha tatu kikabaki juu ya maji, kikavu. Akafungua kinywa aseme pima mbili, sauti ikagoma. Hakuwahi kumwona mtu huyu kwa karibu namna ile. Aliziona nywele za masikioni mwake, akainusa dawa ya kuchua aliyojipaka magotini, na nyuma yake akawaona vijana wanne wa miwani nyeusi ambao hawakuwa wakitazama bahari.

Mlezi Mkuu hakuzoea kungojea. Aliyatazama maji kidogo, akasema, "Mimi naona kama pima kumi."

"Pima kumi!" Mwatumu akapaza sauti.

Hakuwa ameamua. Koo lilifunguka lenyewe, kama lilivyofundishwa. Kwenye usukani alikuwapo Pandu Shomvi, mtu mzima wa miaka hamsini, ambaye macho yake yalikiona kitambaa kile vizuri kama alivyokiona Mwatumu. Wakatazamana. "Pima kumi!" Pandu akajibu, na baharia wa nyuma akarudia, na bendi ikarudia kwa tarumbeta, na saa kumi na mbili redio ya taifa ikatangaza kwamba kina cha bandari yetu ni pima kumi, mara tano ya kina tulichoachiwa na wakoloni.

*

Kesho yake asubuhi mkuu wa jeshi la majini, Admeri Sururu Mahadhi, alifanya kosa la kuandika barua. Aliuliza, kwa heshima zote, kama haikukusudiwa pima mbili. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amepandishwa cheo, akawa Mlinzi wa Mnara.

Mnara ni mnara wa taa, uliopo kwenye kisiwa cha mbali sana, na kuulinda ni heshima kubwa kuliko zote. Anayeteuliwa huondoka siku hiyohiyo, bila kupita nyumbani, kwa jinsi taa ile inavyohitaji mtu kwa haraka. Meli zilizopita huko hazikuwahi kuiona, na serikali ilieleza kwamba hilo linathibitisha umbali wake. Kila mwezi familia ya mlinzi hupokea kadi ya posta. Kadi husema: *Hewa ni nzuri. Nakula vizuri. Msinitafute.*

Nafasi ya Admeri ilihitaji mtu, na nani angefaa zaidi ya yule aliyeigundua pima kumi? Mwatumu alivishwa nyota nyingine, na nyingine, mpaka koti likamwelemea upande mmoja. Miaka mitatu baadaye akateuliwa kuwa mbunge. Jimbo lake lilikuwa maji yote yaliyo kati ya gati na mwamba uitwao Jino, nalo halikuwa na mpiga kura hata mmoja, kwa hiyo alipita bila kupingwa.

Kazi yake bungeni ilikuwa kusimama kila mwaka, siku ya bajeti, kutangaza Kina cha Taifa. Na kina, kama kila kitu katika nchi ile, kiliongezeka. Mwaka huu kumi na moja, mwaka ujao kumi na mbili. Ramani za bahari zilichapishwa upya kila Januari. Manahodha wa nje walioamini ramani walikwama matopeni, wakatozwa faini kwa kuchezea kina. Wasioamini waliacha kuja, na bandari tupu ikapewa tuzo ya utulivu.

"Mheshimiwa Spika," alisimama mbunge mmoja siku hizo, mtu wa kitambi na sauti nene, "nauliza tu. Kabla ya Mlezi wetu, bahari hii ilikuwa na kina? Haikuwa nacho! Ilikuwa na maji tu! Kina tumeletewa na serikali hii sikivu!"

Meza zikapigwa hadi vumbi likapanda. Mwatumu naye alipiga, akitabasamu. Usimdhanie mwanamke huyu kuwa mwovu. Alikuwa mwoga, na uoga ulikuwa umemlipa vizuri kuliko ujuzi. Aliogopa akinywa chai, aliogopa akifunga kiatu. Aliogopa zaidi pale alipojikuta peke yake mbele ya beseni la maji, kwa sababu kila alipoyaona maji kinywa chake kilitaka kusema pima mbili.

"Mwanangu, mbona unakonda?" mama yake alimuuliza kila Ijumaa. "Vyeo vyote hivi, shingo imebaki kama ya kuku."

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani hiyo ya kusema namba moja kwa mwaka?"

*

Mwaka wa kumi na tano wa Kina akawa Waziri wa Bahari, Kina na Mnara. Siku ya kwanza ofisini, Katibu wa Wizara, Bwana Lunogelo, aliingia na sanduku la mbao. Alikuwa mtu safi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri, na hakuwahi kumtazama mtu usoni.

"Hizi ni za kila Jumatatu, Mheshimiwa," akasema, akaliweka mezani.

Mwatumu akafungua. Zilikuwa kadi za posta, tupu, mia moja na zaidi, pamoja na orodha ya majina na anwani, na kalamu ya wino wa buluu. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Bi Nunuu, mke wa Admeri Sururu.

"Nifanye nini nazo?"

"Waziri ndiye huandika, Mheshimiwa. Kwa zamu za Jumatatu, mpaka mwezi uishe na orodha iishe. Maneno ni yaleyale. Aliyekutangulia alikuwa na mwandiko wa kulalia kushoto, tuliwaeleza wananchi kwamba ni upepo wa kisiwani. Wako ukoje?"

"Umesimama," akasema Mwatumu. "Bwana Lunogelo. Kwa nini wao wenyewe..."

"Mheshimiwa," Katibu akamkata upesi, macho yake kwenye zulia, "mimi sijakusikia ukiuliza. Mimi kazi yangu ni kuhesabu kadi na kuzigonga mhuri. Sijawahi kusoma hata moja, na wa posta hawasomi, na Mungu apishe mbali. Anayesoma anajua. Na anayejua..." Akanyoosha kidole upande wa bahari, kisha akakirudisha haraka mfukoni kana kwamba kimeungua.

Ndivyo Mwatumu alivyojua kwamba mnara haupo. Alikuwa amekisia muda mrefu, lakini jambo la kukisia unaweza kuliweka kando ukanywa chai. Akakaa, akaandika: *Hewa ni nzuri.*

Mwezi wa pili wa uwaziri wake Bi Nunuu alikuja mwenyewe wizarani, mama mnene aliyejifunga kanga za kutokea, mkononi chupa ya achari ya ndimu iliyozungushiwa gazeti.

"Mheshimiwa, nisaidie imfikie baba watoto. Hali chakula bila achari yule. Nashangaa anaandika anakula vizuri." Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamtazama Mwatumu kwa muda mrefu kidogo. "Anakula vizuri, eti?"

"Ameandika hivyo, bibi," akasema Mwatumu. Akaipokea chupa, akamwandikia stakabadhi.

Aliiweka kwenye kabati la chumba namba saba. Humo akaikuta mizigo mingine. Kulikuwa na mitungi ya samli, soksi za kufumwa, dawa za pumu, miwani ya kusomea, tasbihi, rozari, keki iliyokuwa imegeuka jiwe, vyote na vijikaratasi vya majina. Rafu zilikuwa nane, na saba zilikuwa zimejaa. Akafunga mlango, akarudi kuandika.

*

Mwaka wa kumi na saba wa Kina ulikuwa pia mwaka wa Jubilei ya Mlezi Mkuu, na Kina cha Taifa kilikuwa kimefika pima ishirini na saba. Mlezi Mkuu akasema bandari ya kina kama hicho inastahili meli. Ikaletwa meli, nyeupe, ndefu, jina lake *Utulivu wa Milele*, ambayo ili ielee ilihitaji pima nne za maji. Ratiba ilitoka kwa herufi za dhahabu. Jumapili asubuhi, meli ikiwa nje baharini, ingepakia baraza zima la mawaziri na kwaya ya watoto mia nne, kisha ingeingia bandarini kwa mwendo wa kasi, honi zikilia, mpaka gatini. Waziri angerusha bildi ileile ya kihistoria. Usukani ungeshikwa na Mzee Pandu Shomvi, aliyetolewa kwenye ustaafu kwa heshima ya Pima Kumi ya kwanza.

Ijumaa Mzee Pandu alikuja wizarani. Alikuwa amezeeka, lakini bado alisimama wima mbele ya meza.

"Kaa, Mzee wangu."

"Nitasimama, afande. Sina maneno mengi." Akautazama mlango, akashusha sauti. "Pale mlangoni pa bandari kuna Jino. Bahari inatoka kwenye kina kirefu inapanda mwambani mara moja, huna hata nafasi ya kupunguza mwendo. Meli hii ikikimbia pale itapasuka tumbo, halafu italala ubavu. Wewe unajua na mimi najua."

"Mashine zitaonyesha..."

"Mashine zimewekwa ishirini na saba, nimeziona. Zinaonyesha ishirini na saba hata nje ya maji. Afande, mimi ni mshika usukani. Mimi narudia ninachosikia, ndiyo kazi niliyofundishwa. Ukisema ishirini na saba nitajibu ishirini na saba, nitakwenda. Nikikataa peke yangu watanitoa pale, watamweka mwingine asiyelijua Jino, na meli itakwenda. Lakini ukisema kilichopo, hilo nalo nitalirudia."

"Nikisema kilichopo, Mzee Pandu, Jumatatu sipo."

"Najua."

"Unajua inavyoandikwa kadi?"

"Sitaki kujua, afande," akasema yule mzee. "Nataka tu ujue kwamba mjukuu wangu Subira yumo kwenye kwaya. Safu ya pili. Hajui kuogelea, hakuna anayewafundisha siku hizi, maana maji haya ni ya kina mno."

*

Jumapili ilikuwa na jua kali na bahari shwari. Meli ilisimama kwenye mlango wa bandari, pua yake imeelekea Jino. Watoto mia nne walipangwa juu ya sitaha, sare nyeupe, wameshikana mikono kwa jinsi walivyobanana. Miezi miwili walikuwa wamefunzwa kurudia kwa pamoja, mpimaji akishapaza sauti, kila litakalotoka kwenye kipaza sauti, kwa sauti tatu, ili redio ipeleke nchi nzima namna taifa linavyoitikia. Mwatumu alimtafuta Subira kwenye safu ya pili. Wote walikuwa na meno yaliyopungua, wote wakitabasamu, hakumtambua.

Alipelekwa mbele kabisa, kifuani amefungwa maikrofoni. Mlezi Mkuu alikuwa pembeni yake, ameshikiliwa kiwiko na kijana wa miwani nyeusi. Harufu ilikuwa ileile ya dawa ya kuchua.

Akarusha. Mikono haikuwa imesahau. Risasi iliruka mbali mbele ya meli, ikazama, na karibu mno, mapema mno, ikagonga jiwe. Akaivuta kamba ikanyooka. Kitambaa cha tatu kilikuwa usawa wa maji, cha nne kilikuwa hewani kinapepea.

Mlezi Mkuu akainama kwenye maikrofoni. "Mimi naona," akasema taratibu, "kama pima ishirini na saba."

Meli nzima ikangoja. Neno la mkubwa limeshatoka, ilibaki kurudiwa. Mwatumu alihisi koo lake likianza kufunguka lenyewe, kama siku ile, na hilo ndilo lililomtisha kuliko vijana wa miwani: kwamba hata sasa, na watoto hawa wote mgongoni kwake, koo lilikuwa tayari. Aliufunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakauma. Aliogopa kufa, aliogopa chumba asichokijua, alimwogopea mama yake Ijumaa ijayo akingoja mlangoni. Akaipandisha kamba, akakikamata kile kitambaa cha tatu, kilicholowa, akakibana ndani ya ngumi.

"Pima tatu," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu anayelia. Lakini maikrofoni ilikuwa nzuri, ilinunuliwa kwa ajili ya Jubilei.

Halafu kutoka chumba cha usukani, juu, ikaja sauti ya Mzee Pandu, kubwa kama ya kijana:

"Pima tatu!"

Mabaharia wakashtuka, na kwa kuwa walifundishwa kurudia, wakarudia. Na watoto mia nne, ambao hawakujua lolote ila kile walichofunzwa, wakavuta pumzi pamoja wakaimba, kwa sauti tatu, kwa redio ya taifa, kwa nchi nzima iliyokuwa imekaa sebuleni: "Piiima tatuuu!"

Mawaziri walitazama viatu vyao. Kisha Mlezi Mkuu akainama tena kwenye maikrofoni, akitabasamu.

"Pima tatu," akasema. "Ndivyo nilivyosema."

"Ndivyo nilivyosema!" watoto wakaimba.

Injini zikarudisha meli nyuma. Watoto walishushwa kwa boti ndogondogo, mmoja mmoja, wakiwa wamechangamka na kuomba soda. Saa kumi na mbili redio ikatangaza kwamba Mlezi Mkuu, kwa huruma yake, amepunguza Kina cha Taifa ili maji mengine yabaki kwa ajili ya vizazi vijavyo.

*

Jumatatu asubuhi Bwana Lunogelo aliingia na sanduku. Nyuma yake walisimama vijana wawili wa miwani nyeusi, wakabaki mlangoni.

"Hongera, Mheshimiwa," akasema akiliambia zulia. "Umepandishwa cheo. Mlinzi Mkuu wa Mnara."

Mwatumu alikuwa amevaa sare yake ya zamani ya luteni, ambayo sasa ilimpwaya.

"Kuna jambo dogo la utaratibu." Katibu alikohoa. "Wananchi wameuzoea mwandiko uliosimama. Waziri mpya ana mwandiko mbaya, tena hajapatikana. Kwa hiyo, kabla ya safari, tunaomba utuachie za mwezi huu za watu wote, mia moja na arobaini. Na za kwako mwenyewe. Kwa mama yako. Za miaka kumi zitatosha, yeye ni mtu mzima."

"Bwana Lunogelo," akasema Mwatumu. "Utazisoma?"

Kwa mara ya kwanza yule bwana aliinua macho. Yalikuwa mekundu. Nyumbani kwake palikuwa na redio, na binti yake alikuwa safu ya nne ya kwaya.

"Mungu apishe mbali, Mheshimiwa," akasema. "Mimi huhesabu."

Akakaa kwenye kiti kando ya dirisha, akaugeuza uso nje. Mwatumu akachukua kalamu. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Nunuu. Akaandika: *Mnara haupo. Haujawahi kuwapo. Mzigo wako uko kabati la chumba namba saba. Njoo uchukue.* Akaiweka kando, akachukua ya pili. Kila alipomaliza moja Katibu aliihesabu bila kuitazama, akagonga mhuri, akatumbukiza ndani ya mfuko wa posta. Vijana wa mlangoni walikunjua mikono, wakakunja, wakapiga miayo.

Ilipofika adhuhuri zilibaki za mama yake. Aliandika moja tu. *Mama, jana nilisema mwenyewe. Naogopa sana. Hewa ilikuwa nzuri, kweli.*

"Hii ni moja, Mheshimiwa," akanong'ona Katibu. "Hesabu yangu inataka mia na ishirini."

"Basi hesabu," akasema Mwatumu.

Bwana Lunogelo aliishika kadi ile kitambo. Kisha akaigonga mhuri mara mia na ishirini, polepole, kwenye kona ileile mpaka ikawa nyeusi, akaandika mia na ishirini kwenye daftari lake, akaufunga mfuko. Mwatumu akasimama. Akashuka ngazi kati ya wale vijana wawili, huku akizihesabu kwa midomo, na walipofika nje jua likawapiga usoni, kisha gari likafungwa mlango.

Sisi tuliobaki huku hatujui zaidi. Tunachojua ni kwamba Alhamisi asubuhi, Wizara ilipofunguliwa, palikuwa na mama mmoja mnene mlangoni, amejifunga kanga za kutokea, kadi mkononi. Mlinzi akamuuliza ana shida gani.

"Nimekuja kuchukua mzigo wangu," akasema Bi Nunuu.

Nyuma yake alikuwapo mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, mpaka kona ya barabara, na kila mmoja alikuwa na kadi.

"Nimekuja kuchukua mzigo wangu," akasema wa pili, na wa tatu akarudia.